Mke amesamehe, mbona kesi haifutwi?

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Texas na karibu zote ni za polisi na mahakama. Mi sio wakili, mi ni mkalimani wa Kiswahili, nimekaa mahakamani miaka mingi katikati ya jaji na watu wetu, kwa hiyo ninachojibu hapa ni vile sheria ya jinai ya jimbo la Texas inavyokwenda, kesi yako yenyewe ipeleke kwa wakili. Na ukumbuke kila jimbo Marekani lina sheria zake za makosa na adhabu, usije ukachukua ya Texas ukaenda nayo Minnesota. Zile haki za kwenye katiba ya nchi ndo zinakufuata popote ulipo.

*"Kaka, Jumamosi usiku mi na mume wangu tuligombana akanisukuma, nikajigonga mkono kwenye mlango wa kabati. Majirani wakapiga 911. Mume wangu alikuwa anamwambia afisa sorry, sorry, na mimi ananiambia sorry, wakamfunga pingu mbele ya watoto. Jumatatu nikaenda kuwaambia nimemsamehe, wazee wa kanisa wameshaongea na familia zote mbili, wakanijibu kesi sio yangu. Sio yangu kivipi na mkono ni wangu? Halafu eti akitoka asirudi nyumbani siku 61. Ana grini kadi. Ananipigia kila jioni kutoka jela tunapanga nitasema nini."* Dada wa Houston

Dada yangu, pole sana, na watoto uwape pole, kuona baba anafungwa pingu sio jambo dogo. Naanza na hilo la mwisho maana ndo linaungua saa hizi: acheni kupanga maneno kwenye simu, leo hii. Simu za jela zinarekodiwa. Mwanzoni kabisa kuna sauti inasema hivyo, watu wetu wanaisubiri tu iishe waanze kuongea, na msidhani Kiswahili kinawaficha, mwendesha mashtaka akitaka rekodi anaipata na mtu wa kuitafsiri anapatikana, kazi hiyo ndo tunayofanya sisi. Mume akimwambia mke "sema uliteleza" huko ni kumshawishi shahidi, ni kosa lingine kabisa na linaweza kuwa feloni, yaani kosa kubwa, wakati lile la kwanza halikuwa feloni.

Sasa kwa nini kesi sio yako. Ukiangalia ile karatasi ya mashtaka, jina lako haliko kama mlalamikaji, juu imeandikwa Jimbo la Texas dhidi ya mume wako. Sisi tumezoea mwenye kuumizwa ndo mwenye kesi, akisamehe, wazee wakikaa, yameisha. Huku hata aliyepiga simu awe jirani, wewe unakuwa shahidi, na wa kuamua kama kesi inaendelea ni ofisi ya mwendesha mashtaka wa kaunti. Unaruhusiwa kwenda kuwaambia hutaki kesi iendelee, kuna hata hati ya kiapo ya hivyo unaweza kusaini, lakini haiwabani. Wataisoma, wataiweka kwenye faili, na wanaweza kuendelea na picha ya mkono wako, sauti ya ile simu ya 911 na kamera za vifuani mwa polisi. Usisaini chochote kabla hujaongea na wakili wako mwenyewe, nasema wako, sio wa mume, kwa sababu ukiapa tofauti na ulivyomwambia afisa usiku ule, kiapo cha uongo kitakuwa kosa lako na watoto watabaki na nani?

Hizo siku 61 ni amri ya hakimu ya kukulinda, kwa kawaida inakuwa kati ya siku 31 na 61, kukiwa na silaha inazidi hapo. Wewe huwezi kuifuta. Hata ukimfungulia mlango kwa mkono wako na chakula umeshapakua, atakayekamatwa ni yeye. Isomeni vizuri inakataza nini, nyingine zinakataza hata simu. Akitaka nguo zake au kuona watoto, wakili wake aende kwa jaji kuomba amri ibadilishwe.

Na hiyo sorry. Hii inaniuma kila siku kazini. Sisi ukimkuta mtu ameumia unasema pole, hata kama umetoka sokoni na hujui kimetokea nini, pole haimaanishi ni mimi niliyefanya. Sasa mtu wetu akifika kwa afisa anaigeuza pole inakuwa sorry, na afisa anaandika kwenye ripoti kwamba mshukiwa aliomba radhi kwa kitendo chake. Na kuna "nimekosa", neno la kanisani, neno la kwa mkwe, mtu analisema ili nyumba itulie tu. Mke akitumiwa meseji ya "nimekosa mama watoto nisamehe", nikiletewa mimi niitafsiri nitatafsiri nini? Naapa kutafsiri kilichosemwa, siapi kueleza desturi zetu. Wakili wa mume aambiwe hili mapema ili aliulize mwenyewe mbele ya jaji.

Kwa kosa la kumuumiza mtu wa familia, kama hakuna kesi ya nyuma, Texas inakuwa misdimina, yaani kosa dogo kuliko feloni, daraja A, hadi mwaka 1 jela ya kaunti na faini hadi dola 4,000. Ingekuwa amekukaba shingo ingekuwa feloni, miaka 2 hadi 10. Lakini kwa mwenye grini kadi, kibali cha kuishi Marekani bila kuwa raia, jela sio ndo jambo kubwa zaidi. Sikiliza hapa vizuri maana hapa ndo nimeona familia zinavunjika. Mwendesha mashtaka anaweza kuleta dili, kiri kosa, jaji anaahirisha hukumu, unakaa chini ya uangalizi mwaka mmoja au zaidi, ukimaliza salama kesi inafutwa na huhesabiki umetiwa hatiani. Watu wanalia kwa furaha. Kwa sheria ya Texas ni kweli hujatiwa hatiani. Kwa sheria ya uhamiaji, ambayo ni ya serikali kuu, umekiri na jaji amekuwekea masharti, basi umetiwa hatiani, na ukatili wa nyumbani ni sababu ya kumwondoa mtu nchini hata mwenye grini kadi. Kitu kimoja, majibu mawili, na mtu anakuja kujua miaka imepita akiwa uwanja wa ndege anarudi kutoka kumzika mama yake.

Mahakama Kuu ya Marekani ililiona hili mwaka 2010 kwenye kesi ya Jose Padilla, dereva wa lori mzaliwa wa Honduras aliyekuwa amepigana vita vya Vietnam, wakili wake wa Kentucky alimwambia asihofu uhamiaji kwa kuwa amekaa Marekani muda mrefu, akakiri, kumbe kosa lile linamwondoa nchini. Mahakama ikasema wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari ya uhamiaji kabla hajakiri. Kwa hiyo mume wako asikubali dili yoyote mpaka amemuuliza wakili wake wazi, hii inafanya nini kwenye grini kadi yangu, na kama wakili hana uhakika amtafute wa uhamiaji.

Mwisho dada, umeandika akanisukuma kama jambo dogo. Kama ni mara ya kwanza wewe ndo unajua. Kama sio, ile amri ni yako, itumie. Kuna namba ya simu ya msaada kwa wanaoteswa nyumbani, 1-800-799-7233, usiku na mchana, omba mkalimani wa Kiswahili. Na kama karatasi zako za uhamiaji zinamtegemea yeye, kuna njia ya mke aliyeteswa kuomba karatasi peke yake bila mume kujua, uliza, usibaki kwa hofu hiyo.

*"Mkuu, nilisimamishwa usiku Fort Worth, taa moja ya nyuma ilikuwa haiwaki. Afisa akauliza naweza kuangalia gari, nikasema sawa, nitamkataliaje polisi. Akakuta bangi ya jamaa yangu chini ya siti. Kituoni nikawaambia labda ingekuwa vizuri nipate loya, wakaendelea kuuliza na mi nikaendelea kujibu. Hawakunisomea haki zangu pale barabarani. Kesi si inafutwa?"* Kijana wa miaka 22

Mdogo wangu, hapana, kwa hilo peke yake haifutwi. Watu wanaona kwenye sinema mtu hakusomewa haki anaachiwa. Yale maneno, kwamba una haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, yanatakiwa kabla ya kuhojiwa ukiwa chini ya ulinzi, na yasiposomwa kinachotupwa ni yale uliyojibu, kesi inabaki na ushahidi mwingine. Hata Ernesto Miranda mwenyewe, ambaye maneno yale yana jina lake, alishinda Mahakama Kuu mwaka 1966, Arizona wakamshtaki upya bila yale maungamo yake na akafungwa tena.

Kwenye gari ulikuwa na haki ya kukataa na hukuijua. Leseni unaonyesha, dereva lazima aonyeshe, jina la uongo usitoe kamwe, hilo ni kosa lenyewe. Lakini akiuliza naweza kuangalia, hilo ni swali, na jibu linaweza kuwa hapana, kwa adabu, mikono ikiwa kwenye usukani. Ukisema sawa umeshamfungulia mlango, na afisa hana wajibu wa kukuambia kwamba ungeweza kukataa. Akiwa na sababu yake ya kisheria atapekua tu, wewe usimzuie wala usimguse, ila umeshasema hukukubali na wakili wako ana pa kushika.

Sasa hiyo "labda". Najua imetoka wapi, hatuongei na mkubwa kwa kuamrisha, tunazunguka, kama haitakuwa tabu, labda ingewezekana. Mwaka 1994 baharia mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Davis, aliwaambia waliokuwa wanamhoji kwamba labda anapaswa kuongea na wakili, na Mahakama Kuu ikasema hilo halikuwa ombi la wazi, wachunguzi hawakulazimika kuacha. Neno hilohilo lako. Na kukaa kimya tu haitoshi, mwaka 2010 mahakama ilisema lazima utamke kwamba unatumia haki ya kunyamaza. Jifunze sentensi moja kwa Kiingereza hata kama hujui nyingine: "I want a lawyer." Haina labda, haina tafadhali, na sio ukosefu wa adabu. Ukishaisema funga mdomo, wakirudi na soda na maneno matamu usianze tena wewe.

Bangi ya chini ya aunsi 2 Texas ni misdimina daraja B, hadi siku 180 na dola 2,000. Ila ni dawa za kulevya, kama huna uraia yale niliyomwambia dada wa Houston kuhusu dili na wewe yanakuhusu.

*"Miye ni baba wa watoto wane, nilitoka Uvira, niko Abilene. Ku tribinali walinipa mukalimani ku simu, anaongea Kiswahili cha Nairobi mbio mbio, sikusikia vizuri, jaji akiuliza nasema ndiyo. Sina feza ya avoka. Mutoto wa kaka yangu anaweza kunitafsiria?"*

Shikamoo mzee wangu. Kwanza acha hiyo ndiyo. Ndiyo yako ni ya heshima, kwamba umesikia anaongea, lakini kwenye kumbukumbu inaandikwa umekubali. Sheria ya Texas inasema mshtakiwa asiyeelewa Kiingereza apewe mkalimani aliyekula kiapo, na mkalimani usiyemwelewa hajakusaidia kitu. Sema neno moja, sielewi, hata mara kumi. Waambie Kiswahili chako ni cha Kongo, na kama Kifuliiru au Kinyamulenge ndo unakielewa zaidi waambie pia, mahakama itafute. Mimi mwenyewe niliwahi kumsimamisha jaji nikasema huyu mzee na mimi hatuelewani, tafuteni mwingine, na jaji alishukuru. Mtoto wa kaka asitafsiri, anakupenda, atapunguza yanayouma, na hajui maneno ya mahakama.

Avoka, yaani wakili, ni bure kama huna uwezo na kosa linaweza kukupeleka jela. Mwaka 1961 huko Florida mtu maskini anaitwa Clarence Gideon aliomba wakili akanyimwa, akajitetea mwenyewe akafungwa miaka 5, akaandika ombi lake kwa penseli akiwa gerezani mpaka likafika Mahakama Kuu, na mwaka 1963 ikaamua kwamba majimbo lazima yawape wakili washtakiwa wa namna yake. Aliposhtakiwa tena akiwa na wakili, baraza la raia wanaoamua kesi lilimwachia. Wewe omba kwa hakimu, utajaza fomu ya kipato. Kaunti kubwa kama ya Houston wanatakiwa kukuteulia ndani ya siku 1 ya kazi tangu ombi lifike, kaunti ndogo kama yenu siku 3.

*"Mwanangu yuko jela ya kaunti, bondi dola 10,000. Bondimani anataka 1,000. Kesi ikiisha ananirudishia?"* Mama wa Dallas

Harudishi mama, bondi ni dhamana, na hiyo 1,000 ni ada ya bondimani ya kumdhamini kijana, hata akishinda. Ukilipa zote 10,000 kwenye kaunti mwenyewe, hizo zinarudi kesi ikiisha kama kijana amehudhuria kila tarehe, wanakata kiasi kidogo. Na muulize wakili aombe bondi ya ahadi, ya kusaini tu. Ila kabla hujatoa hata dola moja, kama kijana sio raia, piga simu jela uulize kama ICE, polisi wa uhamiaji, wameweka ombi la kumshikilia. Texas tangu 2017 sheria inazilazimisha jela kuheshimu ombi hilo, na nimeona mama amechanga kwa ndugu na kanisa, amelipa bondi saa nane mchana, amekaa kwenye gari nje na nguo safi za mtoto kwenye mfuko, na mtoto ametolewa kwa mlango mwingine kupelekwa kizuizi cha uhamiaji. Kama ombi lipo, wakili wa jinai na wa uhamiaji waongee kwanza, pesa ibaki mkononi.