Itrakonazoli ya paka: kapsuli au ya maji?

Dada, umeuliza kuhusu itrakonazoli, dawa ya fangasi, kwa paka wako mwenye mapunye: kwa paka, ile ya maji inafyonzwa vizuri zaidi. Itrakonazoli ni ngumu kuyeyuka: kapsuli inategemea asidi ya tumbo na chakula, wakati ya maji ya kiwandani imeshayeyushwa na hufyonzwa vizuri zaidi tumbo likiwa tupu. Kama huko Mikindani umepata kapsuli tu, mpe na chakula. Ukiifungua utakuta punje ndogondogo kama uwele. Zichanganye na samaki wake, ila usizitwange. Na kama anapewa omeprazoli, dawa ya tumbo, mwambie daktari, maana inapunguza asidi.

Ya kukwepa kabisa ni ile inayokorogwa dukani kutokana na unga. Imeshapimwa kwa paka, na kinachofika kwenye damu ni kidogo mno. Flukonazoli, dawa nyingine ya fangasi, haijali chakula wala asidi, lakini kwa mapunye kama ya huyo wako ni dhaifu.

Nauza dawa za mifugo hapa Mtwara mjini, maswali haya nakutana nayo sana. Kipimo akupe daktari wa mifugo baada ya kumpima uzito. Akigoma kula au akianza kutapika, simamisha umrudishe, dawa hizi hugusa ini.