Kabla ya Kumpeleka Kitengo cha Elimu Maalumu, Geuza Uso Wako

Juma lililopita mwalimu mmoja wa Mufindi aliniandikia akiuliza amfanyeje mtoto wa darasa la tatu ambaye hajibu akiitwa na anawapotezea wenzake muda. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, kwani maneno yayo hayo niliwahi kuyaandika mimi, kwa kalamu nyekundu, katika daftari la mtoto niliyemfundisha wilayani Rungwe.

Sikio lake la kushoto lilikuwa likitoa usaha, nami kwa kuwa hakugeuka nilipomwita kutoka nyuma, nilimhesabu kuwa mwenye kiburi na nikamchapa. Nalisema wazi, ingawa bado linanichoma. Baadaye mama yake aliponieleza kuwa mwanawe hasikii vizuri, nilimhamishia dawati la mbele nikajiona nimeimaliza kazi yote ya elimu jumuishi, ile ya kumfundisha mtoto mwenye ulemavu pamoja na wenzake, ilhali niliendelea kufundisha nikiwa nimewapa watoto mgongo, nikizungumza na ubao.

Aliyenizindua ni mvua. Waliofundisha Tukuyu wanajua jinsi mvua ya Machi inavyolipiga bati la darasa lisilo na dari, hata sauti ya mwalimu isifike dawati la pili. Wengi wetu huwaambia watoto walale juu ya madawati mpaka ipite. Siku hiyo niliandika hesabu za kutoa ubaoni, nikawageukia na kuwaonyesha kila hatua kwa vidole bila kusema neno. Katika watoto zaidi ya themanini, yeye ndiye aliyetangulia kuniletea daftari, na alikuwa amepata zote.

Tangu hapo niliandika kwanza, kisha nikageuka ndipo niseme. Niliacha kusimama nikiwa nimelipa dirisha mgongo, maana uso wenye giza hausomeki. Na swali la mtoto wa nyuma nililirudia mwenyewe. Mama yake alimpeleka hospitali, usaha ukakauka, japo usikivu haukurudi wote. Kiongozi mmoja alinionya kwamba ninashusha wastani wa shule. Mtoto alifaulu darasa la saba, na sijapata kuombwa radhi.

Walimu wenzangu, tuache kukimbilia kuandika barua za kumhamishia kitengo mtoto wa namna hii. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma katika shule ya kawaida, wala kugeuza uso hakuhitaji bajeti. Kwa kiziwi kabisa hilo halitoshi, kwani anahitaji mwalimu anayeijua Lugha ya Alama ya Tanzania, na hapo kitengo kina nafasi yake. Lakini wa kwako hujajua bado kama ni kiziwi.

Basi, mwalimu wa Mufindi, simama hatua tatu nyuma yake, ulitaje jina lake kwa sauti ya kawaida, kisha ulirudie ukiwa mbele yake, anapouona mdomo wako. Uniandikie ulichokiona. Ila chagua siku isiyo na mvua.