Maswali ya Wasomaji: Kuchora Barabara ya Tambarare kwa Kompyuta

Assalaam aleikum wahariri. Nimemaliza diploma ya ujenzi, niko Malindi. Nimepewa kusanifu barabara ya kilomita 1.8 upande wa Gongoni. Sasa ni ya vumbi, inatakiwa kutiwa lami. Mpimaji ameleta faili la pointi na programu ninayo, Civil 3D. Lakini kila nikiunda korido inajaa alama za makosa, na mara nyingine haitokei kabisa. Nianzie wapi, nimalizie wapi?

Waaleikum salaam. Korido, yaani umbo zima la barabara ndani ya kompyuta, huundwa na vitu vinne: uso wa ardhi, mstari wa katikati, profaili (mchoro wa vimo kwa urefu wa barabara) na mkato wa mfano (sura ya barabara ukiikata kwa upana). Kimoja kikiwa na kasoro, makelele hutokea kwenye korido. Kwa hiyo iache kwanza, urudi kwenye faili la mpimaji.

Lifungue kwa Excel kabla ya kuliingiza kwenye programu. Kwa Malindi, ukitumia UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita) kanda ya 37 Kusini, namba ya mashariki ina tarakimu sita na huanza na 6. Ya kaskazini ina saba na huanza na 96. Angalia safu ipi ni ipi, kisha chagua mpangilio unaolingana nayo unapoingiza. Safu hizo zikibadilishana, pointi huenda mbali na eneo lako na ramani hugeuka kama iliyotazamwa kwenye kioo.

Halafu tafuta pointi zenye kimo cha sufuri. Hapa pwani kosa hili lina ujanja wake. Nakuru, pointi ya sufuri huchimba shimo la zaidi ya mita 1,800 na kila mtu huliona. Gongoni ardhi yenyewe iko mita chache tu juu ya bahari, basi sufuri huonekana kama mtaro wa kawaida, nawe unaweza kuuwekea kalvati lisilohitajika na mtu. Panga safu ya kimo kuanzia ndogo kwenda kubwa, usome mistari 20 ya mwanzo na 20 ya mwisho. Mwishoni ndiko utakuta paa la duka na kichwa cha nguzo ya stima, ambavyo mpimaji alivipima kwa nia njema ila si ardhi. Vitoe kwenye kundi la pointi linalojenga uso. Kwenye ramani viache.

Uso wa ardhi ni pembetatu zilizounganishwa pointi kwa pointi, na programu haijui mtaro ni nini. Usipoiambia, itaunganisha ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia juu kwa juu, na mtaro umefukiwa. Chora mistari inayofuata kingo za barabara iliyopo na tumbo la mtaro, uiingize kama mistari ambayo pembetatu haziruhusiwi kuikata. Weka na mpaka wa nje, la sivyo kila palipo na kona programu itatandaza pembetatu ndefu juu ya mashamba ambayo hayakupimwa. Kontua (mistari ya kimo sawa) ziwe za kila sentimita 25. Za mita moja kwenye tambarare hazikuonyeshi kitu.

Mstari wa katikati haukawii. Ufuate barabara iliyopo kadiri inavyowezekana, kwa sababu kila mita unayotoka nje ni mnazi wa mtu au ukuta wa mtu. Nusu kipenyo cha kona hupatikana kwa kuzidisha mwendo kwa mwendo, kisha kugawanya kwa 127 mara jumla ya mwinamo wa barabara kwa upana na msuguano wa tairi. Kwa kilomita 50 kwa saa, mwinamo wa 6% (yaani 0.06) na msuguano wa 0.16, ni kama mita 90. Kwa kilomita 80, na msuguano wa 0.14, inafika mita 252. Linganisha na mwongozo wa usanifu uliopewa kwenye kazi yako kabla ya kufunga namba.

Sasa profaili, na hapa usiwe na haraka. Programu itakuchorea mstari wa ardhi ilivyo. Wa barabara mpya unauchora mwenyewe juu yake. Kwenye milima mtu huhangaika kupunguza miteremko, lakini Gongoni utahangaika kuitafuta. Chini ya 0.3% maji hayajui yaende wapi, na hata hiyo 0.3% inakupa sentimita 60 tu kwa kila mita 200. Kabla ya kuchora, mwombe mpimaji apime alama za maji ya masika kwenye kuta za nyumba mbili tatu. Wenyeji watamwonyesha yalipofika. Kisha anza na makalvati. Bomba la milimita 900, unene wa ukuta wake na udongo wa sentimita 60 juu yake, ni kama mita 1.6 kutoka tumbo la bomba hadi juu. (La milimita 600 ni nafuu, lakini kwa mchanga wa kwetu huziba upesi na mtu haingii kulizibua.) Vimo hivyo ndivyo misumari yako, profaili uitundike juu yake. Ukianza na mstari mzuri kisha ukatafutia kalvati nafasi, utalazimika kuchora upya.

Pana na mahali ambapo programu haitakuonya. Kwenye barabara iliyonyooka upande wa nje umeinama 2.5% kwenda nje. Ikiingia kona, upande huo hugeuzwa uinamie ndani. Tuseme unageuka kutoka -2.5% hadi +2.5% ndani ya mita 40. Katikati ya safari hiyo mwinamo ni sufuri, na kwa mita 8 haufiki hata 0.5%. Profaili nayo ikiwa bapa mahali hapohapo, maji hayaendi pembeni wala mbele. Hapo ndipo lami huvimba na kumeguka mapema kuliko kwingine. Fungua jedwali la miinamo, chukua cheneji (umbali kutoka mwanzo wa barabara) ya kila sufuri, uitafute kwenye profaili. Ukikuta bapa, sogeza kilele au bonde la profaili, au hakikisha hapo pana mteremko wa 0.5%.

Mkato wa mfano ni kazi ya nusu saa: njia mbili, mabega, matabaka ya chini, na mteremko wa tuta unaotafuta ardhi. Baada ya hapo ndipo korido. Mikato ya kila mita 20 inatosha kwenye mstari ulionyooka. Kwenye kona weka mita 5 au 10. Makosa yakitokea tena, angalia kama mteremko wa tuta umeelekezwa kwenye uso wa ardhi uliopo, kama profaili imefika mwisho wa mstari wa katikati au imeishia mita mbili nyuma, na kama tuta limepita upana uliopimwa. Hilo la mwisho halina dawa ndani ya kompyuta, mpimaji arudi.

Niko Mokowe, Lamu. Mchoro wangu hauketi juu ya picha ya satelaiti. Uko mbali kama mita 300 upande wa kaskazini. Niuburute?

Usiuburute, ndugu yetu. Mita 300 kaskazini, na ukipima utakuta pia kama 100 magharibi, ni alama ya pointi zilizo kwenye Arc 1960 (mfumo wa zamani wa vipimo) zikasomwa kama WGS84 (mfumo wa satelaiti). Zote mbili huitwa UTM 37 Kusini, na zote mbili huko Lamu huanza na 7 kwa mashariki na 97 kwa kaskazini, kwa hiyo kwa macho tu huzitambui. Karatasi za ramani za 1:50,000 za Kenya ziko kwenye Arc 1960; vipokezi vya satelaiti huanza na WGS84. Muulize mpimaji alitumia ipi, kisha badilisha pointi zenyewe kwa QGIS au programu nyingine ya ramani, na uhakikishe kwa bikoni moja unayoijua. Mipaka ya zamani ya viwanja huwa hata kwenye mfumo wa tatu, Cassini, kwa hiyo usiichanganye na hizi kabla ya kuibadilisha.

Ukiwa hapo, tazama na vimo. Pointi ya ufukweni ikisoma mita 25 au 30 chini ya sufuri, basi ni kimo ghafi cha kipokezi, bado hakijarekebishwa kufuata usawa wa bahari. Sura ya barabara haitaharibika, lakini siku utakapoiunganisha na kalvati au gati lililochorwa kwa kimo cha kweli, hazitakutana.

Programu ilisema tuta linataka kifusi cha mita za ujazo 4,600. Mkandarasi ameleta nyingi zaidi na bado anadai halijafika. Nani mkweli?

Huenda wote wawili. Programu huhesabu nafasi iliyo kati ya nyuso mbili, yaani kifusi kikiwa kimeshashindiliwa. Juu ya lori kifusi kimelegea. Ukichukua nyongeza ya 25%, 4,600 zako ni 5,750 za kwenye lori, na ongezeko halisi lipimwe kwa kifusi chenyewe, maana mchanga na mawe ya matumbawe havilegei sawa. Kisha kumbuka udongo wa juu uliokwanguliwa. Barabara ya mita 1,800, upana wa mita 11 chini ya tuta, ukikwangua sentimita 15 ni karibu mita 2,970 nyingine, ambazo programu haizioni mpaka uiundie uso wa pili uliokwisha kukwanguliwa. Angalia pia ulilinganisha ardhi na uso upi wa korido. Kwa tuta ni ule wa chini ya matabaka; ukichagua wa juu ya lami, umehesabu changarawe, kokoto na lami yenyewe kama kifusi.

Mpimaji ni ghali. Naweza kutumia vimo vya bure vya satelaiti?

Kwa kujua maji ya mvua hukusanyika kutoka eneo lipi, ndiyo, na vinasaidia. Kwa profaili, hapana. Kila kiraba cha vimo hivyo kina upande wa mita 30, na kosa la kimo ni mita kadhaa, wakati mtaro mzima unaousanifu una kina cha sentimita 60. Kwenye minazi na mikoko ndiyo kabisa: unachopewa kinakaribia kimo cha majani.