Mahojiano ya zamani yanafaa, lakini anza na ridhaa

Dada, umeuliza kama tasnifu yako juu ya mama wanaolea watoto peke yao Korogocho, Nairobi, inaweza kutumia mahojiano ya mradi uliokwisha, bila kuhoji upya. Inaweza. Mtafiti Dennis Marsden alihoji mama wa hali hiyo Uingereza miaka ya 1960. Nakala zikahifadhiwa, na miongo kadhaa baadaye wanahistoria Pat Thane na Tanya Evans wakazichambua upya.

Kazi iko kwenye ridhaa. Tafuta fomu ambayo mama waliohojiwa walitia sahihi: ilisema mradi ule tu, au na tafiti zijazo? Na usidhani kubadilisha jina kunatosha. Mama wa mapacha anayeuza mutura karibu na steji, mtaa mzima unamjua. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya 2019 inaupa utafiti nafasi, ilimradi matokeo yasimtambulishe mtu. Kamati ya maadili ya chuo chako bado utaipitia (na watakuzungusha, jiandae).

Angalia pia mradi ulimhesabu nani. Mjane, aliyeachika, na yule ambaye mume yuko Mombasa na hatumi kitu hawako hali moja, ingawa mara nyingi hutiwa kapu moja.

Omba na madaftari ya wahoji, ukiyapata. Na kama hakuna aliyeulizwa kuhusu baba wa mtoto, usichukulie ukimya wao kama jibu. Hapo itabidi uhoji wachache wapya.