Hawajanikata kinyama, wamejuaje ni saratani?

SWALI: Dada, shikamoo. Nina miaka 26, naishi Kihonda, Morogoro. Nilikutwa na mimba zabibu nikasafishwa. Homoni ya mimba ilishuka, lakini vipimo vitatu vya mwisho vimepanda. Daktari anasema ni saratani, nianze sindano. Hakuna aliyenikata kinyama kupeleka maabara, sasa amejuaje? Mawifi wanasema nimechezewa, twende kwa mtaalamu kwanza. Naogopa nywele, naogopa sitazaa tena.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hilo swali la kinyama nililiuliza mwaka 2014, nimekaa kwenye benchi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, nikidhani wamenichanganya na mgonjwa mwingine.

Mimba zabibu ni kondo lililoota ovyo, vijipovu vitupu. Wengi wakisafishwa yanaisha. Kwa wachache mabaki huendelea kukua kwenye mfuko wa uzazi, yakitoa homoni ileile inayoonekana kwenye kipimo cha mimba. Homoni ikipanda na ultrasaundi haioni mimba, huo ni ushahidi tosha. Tena uvimbe huu umejaa mishipa ya damu. Kuukata ili wapime kunaweza kukumwaga damu vibaya.

Wewe angalau umefuatiliwa. Kituo nilikosafishwa mimi hawakuniambia nirudi kupima. Mwezi wa nne baada ya kusafishwa damu zikaanza, nipo kwenye cherehani nashona sare za shule. Mama mkwe akanunua kipimo cha mkojo, ikatoka mistari miwili, akapiga vigelegele. Vile vigelegele sijavisahau.

Dar namba yangu ya homoni ilisoma 8,400. Wakapiga picha ya kifua, maana ugonjwa huu hupenda kukimbilia mapafuni, kisha wakanijumlishia alama: umri, mimba iliyotangulia, namba ya homoni, ulipofika uvimbe. Nikapata 3. Muulize daktari zako ni ngapi. Hadi 6 mara nyingi huanza na dawa moja, na karibu wote hupona. Kuanzia 7 huchanganywa dawa kadhaa, na hapo nywele hutoka kweli, ila huota tena.

Mimi nilichomwa methotreksati ya msuli siku ya 1, 3, 5 na 7. Siku za katikati, mpaka ya 8, kidonge cha foliniki cha kuukinga mwili. Siku sita za kupumzika, hiyo ndiyo duru moja, unaanza upya. Nywele zilibaki. Kilichonitesa ni mdomo. Vidonda mpaka kwenye ulimi, wiki nzima uji wa mchele uliopoa na kusukutua maji ya chumvi. Mtu wa Tanga kula samaki bila ndimu wala pilipili, acha tu.

Kama una vidonge vya foliki vya kliniki ya wajawazito, usivimeze bila daktari kujua. Jina linakaribiana na foliniki, lakini vinaweza kuipunguza sindano nguvu. Ibuprofeni nayo usijinunulie dukani. Na mizizi ya huyo mtaalamu naikataa kwa sababu moja tu: inaweza kuchosha figo na ini, ambavyo vinapimwa kabla ya kila duru, na vikichoka sindano inasogezwa mbele. Mambo ya kuchezewa sibishani na mawifi.

Nunua daftari. Langu linasoma 8,400; 3,100; 640; 75; 9; 2. Chini ya 5 ndiyo kawaida. Siku ya ile 2 nilishajikatia kitambaa cha gauni la kushukuru, nesi akasema bado duru tatu. Nilimnunia! Kumbe chembe zikibaki chache kipimo hakizioni. Hapo ndipo wengi hutoroka: nauli imeisha, mwili una nguvu, namba nzuri. Usitoroke.

Kuzaa: kwa anayetaka watoto, kwa kawaida mfuko hauondolewi. Ila baada ya sindano ya mwisho usishike mimba mwaka mzima, kwa sababu mimba ingepandisha homoni ileile na tusingejua kama ugonjwa umerudi. Zungumzeni mapema na mumeo njia ya uzazi wa mpango. Wangu aliona mwaka ni mrefu, nikampa daftari asome. Mtoto alizaliwa 2017. Siku hizi macho yangu hayaoni tundu la sindano, yeye ndiye ananitungia uzi.

Ukikohoa damu, ukitokwa damu nyingi ghafla, au ukipata homa ukiwa kwenye dawa, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Na siku ya sindano ya kwanza mchukue wifi mmoja, yule mwenye maneno mengi. Akae nawe kwenye benchi.