Rotesheni ya Ugenini Kabla ya Kuomba Ubingwa Marekani: Anza na Unachokikosa Nyumbani

Wadogo zangu mlio mwaka wa tatu wa udaktari hapa Marekani, pamoja nanyi mnaosoma Dar es Salaam, Nairobi au Kampala mkiwa na nia ya kuja kufanya ubingwa huku, yaani mafunzo ya kuwa daktari bingwa, swali mnaloniuliza mara nyingi kuliko mengine ni kama inafaa kufanya rotesheni ya ugenini kabla ya kutuma maombi. Kwa ambaye bado hajakutana na jambo hili, rotesheni ya ugenini ni majuma manne, kwa kawaida, ambayo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho huyatumia katika hospitali isiyo ya chuo chake, akifanya kazi na idara anayotaka kuiombea ubingwa, huku akitazamwa na watu ambao huenda ndio watakaomchagua. Mimi nilifanya mbili nilipokuwa nikiomba upasuaji wa mifupa. Ya kwanza ilinigharimu kuliko ilivyonipa, ya pili ikanifungulia mlango, na nilipokaa kuzilinganisha niliona kwamba tofauti yake ilianzia kwenye sababu iliyonipeleka.

Sababu iliyonipeleka mara ya kwanza ilikuwa nyepesi: wenzangu walikuwa wanakwenda, nami sikutaka kubaki. Sikuwa nimejiuliza ombi langu linapungukiwa na nini. Siku hizi mwanafunzi akinijia, simuulizi anataka kwenda wapi. Namuuliza kama chuo chake kina programu ya ubingwa katika fani anayoitaka, kama ana madaktari bingwa wa fani hiyo wanaomfahamu kiasi cha kumwandikia barua ya mapendekezo yenye uzito, na kama anataka kuhamia upande wa nchi ambako hana ndugu, hajasoma wala hajafanya kazi, hivyo kwamba watakaosoma ombi lake hawataona kinachompeleka huko. Chuo changu hakikuwa na programu ya upasuaji wa mifupa. Kwangu, kwa hiyo, kwenda ugenini lilikuwa jambo la lazima, lakini sikuwa nimeelewa kwamba nilikwenda kutafuta barua, na mtu asiyejua anachokitafuta huweza kukaa majuma manne karibu nacho na asikichukue.

Fani yenyewe ndiyo inayoamua sehemu kubwa ya jibu. Katika upasuaji wa mifupa, upasuaji wa ubongo, upasuaji wa masikio, pua na koo, na upasuaji wa kurekebisha maumbile, rotesheni ya ugenini imekuwa sehemu ya kawaida ya kuomba; wanafunzi wengi wa mifupa hufanya mbili au tatu, na programu nyingi huwaalika kwenye usaili wanafunzi waliopita mikononi mwao. Tiba ya dharura ina sababu yake tofauti. Huko barua inayotegemewa huandikwa katika fomu maalumu, iitwayo SLOE, ambayo humlinganisha mwanafunzi na wenzake waliopita katika idara hiyohiyo, na fomu hiyo hupatikana kwa kufanya kazi ndani ya idara ya dharura. Ndiyo maana wengi hufanya rotesheni moja nyumbani na moja ugenini. Lakini kwa anayeomba magonjwa ya ndani, watoto, tiba ya familia au magonjwa ya akili, mara nyingi hakuna sababu ya kutoka, isipokuwa awe na eneo au hospitali fulani anayoilenga kwa dhati. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akiomba magonjwa ya watoto alitumia miezi miwili katika miji miwili ya mbali, wakati idara ya chuo chake ilikuwa na madaktari watatu waliokuwa tayari kumwandikia. Mpaka leo naamini miezi ile ingemfaa zaidi kama angepumzika na kuusoma kwa utulivu mtihani wake wa Step 2, wa pili katika mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani.

Mwenye shaka kwamba mtu anaweza kupata nafasi ya ubingwa bila kwenda ugenini na atazame yaliyotokea wakati wa ugonjwa wa korona. Mwaka 2020 muungano wa taasisi zinazosimamia elimu ya udaktari ulipendekeza rotesheni za ugenini zisifanyike isipokuwa kwa wachache, kwa mfano wale ambao chuo chao hakina programu ya fani husika. Mwaka uliofuata pendekezo likawa rotesheni moja kwa kila mwanafunzi. Upangaji wa NRMP, mfumo wa kitaifa unaowapatia waombaji programu kwa kulinganisha orodha ya kila upande, uliendelea hata hivyo, na programu zikapata madaktari wao. Kwa upande mwingine, tangu tarehe 26 Januari 2022 mtihani wa Step 1, wa kwanza katika mitihani ileile ya leseni, hautoi tena alama ya nambari, bali kufaulu au kufeli tu, na nambari hiyo ndiyo iliyokuwa ikitumiwa na programu nyingi kuchuja maombi. Ilipoondoka, vitu vingine viliongezewa uzito, ikiwemo barua na kufahamika kwa mtu. Ndiyo maana shinikizo la kwenda ugenini halijapungua, nami siwalaumu wanaolihisi.

Sasa niseme juu ya hasara, maana haisemwi vya kutosha. Mwanafunzi anayekwenda ugenini huonyesha uwezo wake, na pia huonyesha mapungufu yake, mbele ya watu wasiomjua kwa jema lolote la nyuma. Hospitali niliyoitamani kuliko zote niliiweka ya kwanza, mwezi Juni, nikitoka moja kwa moja kwenye mtihani. Nilikuwa nimechoka. Sikujua kufunga plasta vizuri, sikujua kueleza picha ya eksirei ya nyonga kwa mpangilio, na asubuhi ya tatu, tulipokuwa tukipitia majeruhi waliopokelewa usiku, niliulizwa swali jepesi kuhusu mishipa ya fahamu ya mkono nikanyamaza. Hakuna aliyenitukana wala kunidharau. Walikuwa watu wema. Lakini kwa siku zilizobaki sikupewa jambo la maana la kufanya, na nilipoomba barua niliambiwa kwa upole kwamba hawakunifahamu vya kutosha. Hospitali hiyo haikunialika kwenye usaili. Laiti ningebaki na karatasi zangu tu, huenda wangeniita.

Kwa sababu hiyo nawasihi: hospitali mnayoitamani zaidi msiiweke ya kwanza. Kama chuo chenu kina idara ya fani hiyo, fanyeni kazi hapo kwanza kama daktari mdogo wa timu, mkosee kwa watu wanaowajua, mjifunze kufunga plasta na kushona, ndipo mtoke. Kama hakina, mnaweza kumwomba daktari bingwa wa hospitali ya karibu awaruhusu mfuatane naye kliniki na katika chumba cha upasuaji kwa majuma mawili. Ndivyo nilivyofanya kabla ya rotesheni yangu ya pili, na daktari yule alinirudisha kwenye msingi ambao nilidhani ninao.

Kuhusu muda, programu huanza kuyapitia maombi ya ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutumia maombi ya ubingwa, mwishoni mwa Septemba, kwa hiyo rotesheni inayotafutiwa barua inapaswa kumalizika kabla ya hapo, ikiwezekana mwezi Agosti, ili mwandishi wa barua asikimbizwe. Rotesheni ya Oktoba haiwezi kukupa barua ya mwanzo, ingawa inaweza kuisaidia programu kukukumbuka inapopanga orodha yake kabla ya siku ya matokeo mwezi Machi. Maombi ya nafasi za rotesheni hupitia mfumo wa VSLO wa AAMC, chama cha vyuo vya udaktari vya Marekani, na kila hospitali ina tarehe yake ya kufungua. Fomu ya chanjo, cheti cha kuchunguzwa rekodi za polisi, kipimo cha dawa za kulevya na uthibitisho wa bima viandaliwe mapema, kwani kuna wanaokosa nafasi kwa sababu ya kipimo kimoja cha kifua kikuu kilichopitwa na wakati. Anayeomba mifupa akumbuke pia kwamba katika ERAS hupewa ishara 30 za kuonyesha programu anazozipenda zaidi, na kwamba programu aliyofanyia rotesheni nayo hutarajia kupata mojawapo. Asidhani kufika kwake kunatosha.

Gharama ni nzito, na kwa wengi wetu tunaotuma pia fedha nyumbani ni nzito maradufu. Nilikuwa nikilipa kodi ya chumba changu na kodi ya chumba cha ugenini kwa mwezi uleule, juu yake ada za maombi, nauli na gari, kwa kuwa hospitali ile haikufikika kwa basi saa kumi na moja alfajiri. Baadhi ya idara hutoa ufadhili kwa wanafunzi wageni wenye uhitaji. Ulizeni bila kuona haya. Barua pepe moja kwa katibu wa idara ilinipatia fedha zilizolipa chumba changu cha mara ya pili.

Kuna faida moja ambayo sikuitarajia. Tangu 2020 programu nyingi hufanya usaili kwa video, na katika video kila idara huonekana ya kirafiki. Mtu aliyekaa hapo majuma manne ameona kama madaktari walio mafunzoni hula mchana, kama huuliza maswali bila hofu, na nani hubaki mgonjwa anapozidiwa saa kumi na mbili jioni wakati zamu zinabadilishana. Katika hospitali yangu ya pili nilimwona daktari wa mwaka wa pili akimwambia bingwa wake waziwazi kwamba hajui, kisha bingwa akaketi na kumfundisha. Nikaipandisha hospitali hiyo juu ya orodha yangu usiku uleule.

Kwenu mnaosoma Afrika Mashariki, hesabu ni tofauti kidogo. Kwenu swali la kwanza ni kama mtapata uzoefu wowote wa kumhudumia mgonjwa katika hospitali ya Marekani, na mlango huo uko wazi zaidi mkiwa bado wanafunzi. Baada ya kuhitimu, nafasi nyingi zinazobaki ni za kutazama tu bila kumgusa mgonjwa, na barua itokayo huko huwa nyepesi. Kwa hiyo kipindi chenu cha rotesheni ya hiari kina thamani kubwa, hata kwa magonjwa ya ndani au tiba ya familia. Si kila hospitali iliyo katika VSLO hupokea wanafunzi wa nje, baadhi hudai kwanza matokeo ya Step 1, na viza inayotumika kwa rotesheni ya namna hiyo isiyo na malipo huwa ni B-1. Anzeni mwaka mzima kabla.

Mkishakubaliwa mahali zaidi ya pamoja, achieni mapema nafasi msiyoihitaji. Nafasi yangu ya pili niliipata katikati ya Julai, majuma matatu kabla ya kuanza, kwa sababu mwanafunzi mmoja nisiyemjua aliandika kwamba hatakwenda, na katibu wa idara akanipigia simu mchana uleule.