Bia Chungu Isiyokwaruza Ulimi

Shemeji yangu alipiga funda moja, akaitazama glasi, kisha akanitazama mimi. "Shem," akasema taratibu, kama mtu anayetafuta neno lisilovunja undugu, "hii ni bia, au kuna mtu anaumwa humu ndani?"

Hakuwa anatania sana. Ile ilikuwa IPA (India Pale Ale) yangu ya kwanza ya maradufu, yaani eli, aina ya bia, ya rangi ya kaharabu hafifu, yenye kilevi kingi na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kupita kiasi. Nilikuwa nimenuia iwe chungu kuliko zote nilizowahi kuonja, na chungu ilikuwa, kama shubiri. Ila ilikuwa pia na utamu wa kunata kama wa dawa ya kikohozi, na ukishameza ulimi ulibaki mkavu, umekwaruzika, kama umelamba ukuta. Glasi yangu niliimaliza kwa kiburi tu. Shem ya kwake aliiacha.

Nimeshapika bia ya namna hiyo mara kadhaa tangu siku ile, na nikiulizwa nilikosea wapi, najibu kwamba nilianza kukosea kwenye maneno kabla hata ya kuwasha moto. Kiswahili kina uchungu, kina ukali na kina ukakasi, na mimi niliyachanganya yote matatu kwenye pipa moja. Uchungu ni wa hopsi: unaingia baada ya funda, unatanda mdomoni, unakaa kidogo, unaondoka. Ukali ni wa kilevi, ule ujotojoto wa kooni na kifuani. Ukakasi hata si ladha, ni mguso, kama wa tunda bichi linalokufanya ukunje uso. Bia nzuri ya aina hii ina uchungu mwingi, ukali uliojificha, na ukakasi usiuone kabisa. Mimi nilipika ukakasi nikauita uchungu.

Ilikuwaje? Uchungu wa bia hupimwa kwa vizio vinavyoitwa IBU. Kizio kimoja ni kama miligramu moja ya asidi za alfa zilizogeuzwa na moto, katika lita moja ya bia. Asidi hizo zimo ndani ya hopsi, lakini zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri. Ni kule kuchemka kwa muda mrefu kunakozigeuza zikaingia kwenye maji. Basi mimi nikachukua gramu 150 za hopsi yenye asidi za alfa asilimia 14, nikazichemsha saa nzima katika lita 20. Hesabu ya kwenye karatasi ikatoa karibu 185. Nilifurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Bia haibebi kiasi hicho. Ikifika 100 hivi inakuwa imeshiba, na ziada inaishia kwenye povu na mashapo. Nilichoongeza kwa zile gramu za ziada ni majani tu, pamoja na tanini zake, na tanini ndizo zinazokwaruza. Siku hizi natumia gramu 60 za hopsi aina ya Columbus mwanzoni mwa mchemsho, basi. Hizo peke yake zinanipa kama 75, na nyingine ninazotia mwishoni zinaisogeza jumla hadi 90 au karibu na hapo. Ni nusu ya namba yangu ya kwanza, na bado mtu akinywa anashtuka.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei: maji ya kimea, yaani ya nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, yakiwa mazito, hopsi hutoa uchungu kidogo zaidi. Gramu 50 za hopsi ile ile zinazoipa bia ya kawaida, yenye kipimo cha mwanzo (uzito wake ukilinganishwa na maji matupu, kabla hamira haijaanza kazi) cha 1.050, vizio kama 80, zitaipa hii nzito ya 1.075 kama 65 tu. Kwa hiyo usichukue kiasi cha bia nyepesi ukadhani kitafanya kazi ile ile hapa.

Kosa kubwa zaidi halikuwa kwenye hopsi hata hivyo. Lilikuwa kwenye kimea. Niliweka kilo nzima ya kimea cha karameli nikiwaza kwamba utamu wake utaubembeleza uchungu, tena nikakiloweka kimea chote kwenye nyuzi 70. Joto hilo hutoa sukari ambazo hamira haziwezi kuzila. Haidromita, chombo cha kupima uzito huo, ilianza 1.080 ikakwama 1.026. Utamu uliobaki haukubembeleza chochote. Ulikaa upande wake, uchungu upande wake, kama majirani waliogombana.

Sasa napika hivi. Kimea cheupe kilo 6 na robo, bila karameli hata chembe, kinalowekwa saa moja kwenye nyuzi 65. Maji ya kusuuzia machicha, yaani kimea kilichokwisha kulowekwa, hayavuki nyuzi 77, na nikiona yanayotoka yamekuwa mepesi kama maji matupu, naacha. Kuyakamua machicha hadi tone la mwisho ni kukaribisha ukakasi kwa mlango wa nyuma. Kwenye maji natia kijiko kimoja cha chai cha jasi, madini yenye salfeti, kwa sababu salfeti huufanya uchungu uwe mkavu na msafi. Maji ya visima vya Burton upon Trent kule Uingereza yana jasi kwa asili, na mji huo ulijijengea jina kwa eli zake chungu. Kisha, dakika kumi kabla ya kuzima moto, nusu kilo ya sukari nyeupe. Ndiyo, sukari. Haitii utamu: hamira huila yote, ikaacha kilevi na mwili mwepesi.

Kipimo kinaanza 1.075 na kuishia 1.012. Toa, zidisha tofauti kwa 131.25, unapata kilevi cha asilimia 8.3 hivi. Hamira kavu weka pakiti mbili, usibane matumizi hapa, na ukoroge au utikise maji ya kimea yaliyopoa vizuri kabla ya kuimwaga, kwa sababu inahitaji hewa mwanzoni. Hewa baada ya hapo ni adui. Joto la pipa liwe nyuzi 18 au 19 siku nne za kwanza, halafu liache lipande hadi 21 hamira imalizie kazi.

Hopsi za harufu ndizo raha yangu. Gramu 40 za aina ya Centennial dakika kumi za mwisho, na 60 za aina ya Simcoe moto ukishazimwa na sufuria imepoa hadi nyuzi 80, zikae dakika ishirini. Uchachukaji ukielekea kwisha, gramu 100 nyingine zinaingia pipani bila kuchemshwa. Ukifungua kifuniko unakutana na ganda la balungi na utomvu wa msonobari, na kwa dakika moja unasahau mgongo unaouma. Ziache siku tatu, usizidishe. Nilishawahi kuziacha siku kumi na mbili nikiwa safarini, nikarudi nikakuta bia yenye ladha ya nyasi.

Usifungashe kwenye chupa kwa kuangalia mapovu. Mimi nilifanya hivyo: mapovu yalikoma, nikaziba chupa, na wiki iliyofuata mbili zikapasuka kabatini usiku wa manane. Kipimo lazima kisimame pale pale siku tatu mfululizo, na ukipime baada ya zile hopsi za mwisho, si kabla, kwa kuwa zina vimeng'enya vinavyoweza kuiamsha hamira upya. Ndipo utie gramu 6 za sukari kwa kila lita iliyobaki. Nimesema iliyobaki kwa makusudi: hopsi hunyonya bia, na kati ya lita 20 utafungasha kama 17.

Inasimuliwa kwamba mpishi wa bia Vinnie Cilurzo, alipopika IPA ya kwanza ya maradufu kwenye kiwanda cha Blind Pig kule Temecula, California, mwaka 1994, alizidisha hopsi ili zifunike kasoro ambazo mitambo yake chakavu ingeweza kuleta. Yeye alikuwa fundi. Kwa sisi wa sufuria za nyumbani, uchungu ni kama taa kali: kasoro ndiyo inaonekana zaidi.

Kuonja nako kuna namna yake. Usiinywe baridi ya barafu, ulimi unakufa ganzi. Nyuzi 10 hivi zinatosha. Nusa kwanza, povu likiwa bado lipo. Chukua funda dogo, lizungushe mdomo mzima, maana habari ya kwamba uchungu husikika nyuma ya ulimi peke yake si kweli. Meza, kisha subiri bila kuongea. Hesabu hadi kumi na tano. Uchungu ukipanda, ukatulia, ukaanza kushuka na mate yakaja, umefaulu. Ulimi ukigandamana na kaakaa, rudi kwenye machicha na gramu zako. Na usilinganishe bia mbili chungu kwa mfululizo: uchungu hujilimbikiza, ya pili itaonewa tu. Kunywa maji, pumzika.

Shem alionja toleo la tatu. Alikaa kimya muda mrefu. "Sasa ni bia," akasema. "Siyo yangu, lakini ni bia." Nimeridhika na hukumu hiyo.

Jambo la mwisho ni muda. Hii si mvinyo wa kutunza. Chupa ziwe za kahawia na zikae gizani, kwa sababu mwanga wa jua ukigusa uchungu wa hopsi huleta harufu ya kicheche, na inatosha dakika chache. Kuanzia wiki ya tatu hadi ya nane ndipo bia hii iko kwenye ubora wake. Niliwahi kuficha chupa moja miezi saba nikitegemea maajabu. Balungi lilikuwa limeondoka, limebaki boksi lililoloweshwa maji. Niliimwaga kwenye sinki, nikaosha chupa.